Tepu Iliyofutwa kwa Mashine Mpya

Masanduku yalishafungwa juu ya gari na injini ilikuwa inanguruma, fundi Kassamali alipoteremsha kioo ili amkumbushe Nusura habari ya tepu. Siku tisini walizopewa yeye na Wahindi wenzake kuihama nchi zilikuwa zimebaki mbili. Mtu mwingine angelaani. Yeye alisema:

"Dada Nusura, ile mashine ya zamani na ile mpya, vichwa vya kusomea havikukaa sawa. Ukifuta kwa mpya tepu iliyoandikwa kwa zamani, pembeni unabaki ukingo wa maandishi ya awali, mwembamba kama unywele. Ya zamani itausoma. Usichanganye."

"Nimesikia, kaka. Vaa koti, huko baridi."

Gari likaenda Entebbe.

Nusura alikuwa mtunza tepu katika ofisi moja ya kompyuta hapo Kampala. Tepu za mashine ya zamani alizipaka rangi nyekundu, za mpya kijani, na kwa mwaka mzima hakuchanganya. Kisha ya zamani ikaharibika, na tepu mpya zikaacha kuja nchini, kama vile sabuni na chumvi.

Mwaka wa pili ikaletwa amri. Orodha ya polisi iandikwe upya, majina arobaini na moja yawekewe maneno "alitoroka kazini", na tepu ya zamani ifutwe. Mmoja wa hao arobaini na moja alikuwa Sajenti Ongom, aliyechukuliwa mlangoni kwake Bukoto na watu wa gari lisilo na namba, akiwa amevaa kiatu kimoja. Mkewe, Laker, ndiye alikuwa anapika chai ofisini. Mtoto wake wa miezi minne alikuwa hana jina, kwa sababu Ongom alisema tangu mimba: huyu nitampa jina mwenyewe, mtu asiniingilie. Laker alishika neno hilo. Kwa hiyo ofisi nzima ilimwita Mama Nani.

Nusura akafuta tepu nyekundu kwa mashine mpya. Mashine nyingine haikuwepo.

Miezi mitatu baadaye aliisafisha ile ya zamani kwa pamba na spiriti, ikakubali kuzunguka. Bosi, Bwana Erinayo, alitaka orodha ya mgao wa sukari. Tepu iliyobaki ilikuwa ile nyekundu. Desturi ya kazi ni kuizungusha mara moja kabla ya kuandika, kuhakikisha ni tupu. Nusura akaizungusha.

Ongom alikuwa amekaa kwenye stuli, kiatu kimoja mguuni.

"Nusura, habari ya siku nyingi?"

"Nzuri, afande. Chai?"

"Sukari iko?"

"Hakuna."

"Lete hivyo hivyo."

Wenzake arobaini walipanga mstari kwenye korido hadi kwenye ngazi, kwa namba zao za kazi. Laker akaingia, mtoto mgongoni, akaliweka birika chini.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa. Msichana?"

"Msichana. Amechoka kukungoja."

Ongom alimpakata, akamtazama vidole, akamtazama masikio. "Aitwe Akidi."

"Akidi ni mama yako, yule aliyenikataa!"

"Ndiye huyo huyo. Sasa utambeba mgongoni."

Laker alicheka mpaka akafuta macho. Tepu hiyo ilizunguka dakika kumi na tatu. Ilipokwisha, stuli ilikuwa tupu na kikombe kimefika nusu.

Bwana Erinayo, ambaye alikuwa amepita katikati ya mstari akiomba njia, alisema jambo moja tu. "Nnyabo Nusura, kila mgeni anayeingia humu lazima asaini kitabu." Orodha ya sukari akaipiga kwa taipu mwenyewe.

Ikawa kila Alhamisi mchana. Wake walikuja kutoka Bukoto na Kasubi na kalo, ugali wa ulezi, kwenye vikapu, waume wakasaini, wakala. Lakini kila mzunguko uliacha vumbi la kahawia la tepu kwenye kichwa cha mashine. Wanaume walipoteza kwanza vifungo, halafu sauti. Hakuna mwanamke aliyelalamika. Walimshukuru Nusura kwa mayai, na mmoja kwa jogoo mzima.

Alhamisi ya sita akaja ofisa wa jeshi kukagua. Alisoma kitabu cha wageni, akalinganisha saini na fomu za zamani.

"Saini ni zao," alisema. "Kumbe wako hai, wanatembea mjini. Basi tuliandika sawa: walitoroka." Akamsifu Bwana Erinayo kwa kitabu safi, akakichukua kama ushahidi.

Hakuna mjane aliyepata cheti cha kifo.

Tepu iliisha rangi, ikawa kama karatasi ya peremende. Nusura aliitumia kufungia miche ya nyanya. Bwana Erinayo alistaafu na saa ya ukutani. Kassamali alifungua duka Leicester, akaandika kuuliza kama tepu zilichanganywa. Nusura alimjibu: "Nilichanganya, kaka. Ahsante sana." Laker alitolewa kwenye nyumba ya polisi kama mke wa mtoro, akarudi Gulu, akauza simsim. Wanawake wale kila mwaka walimtumia Nusura salamu na mayai, hadi alipofariki. Akidi ni mrefu, ana masikio ya baba yake. Kwenye orodha, Ongom bado ametoroka. Gulu hakuna anayemwita Laker jina lingine ila Mama Akidi.