Zamu ya Siafu

Kufuli lilikuwa jipya, bado lina mafuta. Mama alilishika, akalitikisa, akaliachia. Kupitia kioo cha mlango wa chumba cha michezo cha hospitali aliona bembea ya tairi imefungwa juu kwa kamba, na midoli imepangwa kwenye rafu ikiwa bado ndani ya nailoni zake.

"Mama, leo hatuchezi?" aliuliza bintiye.

Mtaani walimwita Siafu. Darasani aliwahi kumng'ata mwenzake shavu wakigombea kiti, kisha akamng'ata na mwalimu aliyekuja kuwaamua. Mwalimu mkuu akamtoa, akasema bila kupepesa macho: atampokea tena akiletewa barua ya hospitali, yenye muhuri, kwamba mtoto amemaliza vipindi kumi vya tiba. Mwisho ni leo, saa nane mchana. Vimekwisha tisa.

Tena vilikuwa vimemwingia, usione hivi. Mwanzoni mama alinuna. Tiba gani hii ya kujenga mnara na kuubomoa? Aache kibarua chake cha kufua aje kumtazama mtu mzima akicheza? Lakini kila kipande cha mbao kilikuwa na zamu yake, na wiki ya sita mwenzake aliuangusha mnara, Siafu akafumba mdomo, akabana mikono katikati ya magoti, akasema, "Zamu yangu bado." Siku ile mama alikwenda kulia chooni.

Ndipo wafadhili wakaleta midoli mipya na kupaka kuta rangi. Chumba kikafungwa, wiki ya tatu sasa, kisichafuke kabla hakijazinduliwa. Dada wa michezo, yule mtaalamu mwenyewe, akahamishiwa dirisha la kuandikia kadi.

Alipomwona mama alitoka mbio, akamwaga vizibo vya soda kwenye sakafu ya korido. "Tufanye hapa hapa, mama. Kipindi ni kipindi."

Wakajenga kwa zamu. Kwenye kizibo cha nane, viatu vyeusi vikasimama kando yao. Alikuwa katibu wa hospitali.

"Hii ni korido, si uwanja."

"Bosi, huyu mtoto anamalizia kipindi cha kumi. Nahitaji muhuri wako tu."

"Fomu inasema chumba cha tiba. Hapa ni chumba? Unataka niandike uongo?"

"Kitafunguliwa lini, baba?" mama aliuliza. Alimwita baba, ingawa alimzidi umri.

"Wageni wakifika. Kwani kucheza, mama, si hata nyumbani kwako anaweza?"

"Shule inataka muhuri, baba. Saa nane nafasi yake anapewa mwingine."

"Basi subirini. Mbona wenzenu wanasubiri?" Akavisukuma vizibo ukutani kwa ncha ya kiatu.

Wageni walifika saa nane kasorobo. Kufuli likafunguliwa, na katibu akawaeleza kwamba watoto huchezea humu kila siku. Mgeni mmoja alimwona Siafu kwenye benchi, mikono katikati ya magoti.

"Huyu ametulia kweli."

"Matunda ya chumba hiki," alisema katibu. Akamwingiza ndani, akampakatisha mdoli, akamnong'oneza asifungue nailoni. Siafu hakufungua. Picha ikapigwa.

Dada wa michezo alimnyooshea fomu mlangoni. "Ameshaingia chumbani, bosi. Ni muhuri tu."

"Huoni nina wageni?" Akamtoa mtoto, akafunga kufuli, akaongozana na wageni kwenda kula.

Saa ya ukutani ilisema nane na dakika ishirini. Mama alimtazama mwanawe akirudi kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza alimwomba Mungu mtoto huyu apige kelele, avunje kioo, amng'ate mtu yeyote mwenye funguo mfukoni. Siafu alikaa. Akabana mikono katikati ya magoti, akamsogelea mama yake.

"Zamu yangu bado, eeh?" alisema taratibu.