Aliyeshika Kamba

Mume wangu Muhidini alikuwa ndani ya jeneza, jeneza limewekwa uani, na watu wa Kaole wamejaa mpaka njiani. Sisi wanawake tulikuwa ndani, mimi karibu na dirisha. Shemeji yangu Bwanausi, mdogo wake marehemu, akasimama kuuliza lile linaloulizwa kila maiti anapotaka kunyanyuliwa.

"Jamaa zangu, mwenye kumdai marehemu aseme, tutalipa sisi. Aliyekosewa naye, tunaomba radhi."

"Tumemsamehe," watu wakaitika.

"Mimi sijasamehe."

Lo! Watu wakageuka. Sikuhitaji kuchungulia, sauti ile naijua. Ni Kibwana mkwezi, aliyekuwa akija barazani kwetu kila Ijumaa baada ya sala, mkono ameufunga kitambaa. Punda wetu, yule dume aliyetoka bara na msafara wa pembe za ndovu, alimng'ata mkono wa kuume akamnyofoa vidole viwili, na gumba likabaki halikunjiki. Mkwezi bila mkono ataupandaje mnazi? Wanawe walikuwa wanakula mihogo ya kuombaomba. Naye hakutaka fedha. Alitaka apewe minazi ya mume wangu iwe yake, wakwezi wenziwe wamwangulie, watoto wale. Muhidini kila mara jibu lake moja: "Mnyama hana hukumu, Kibwana. Jeraha la punda halina fidia, kawaulize wenye elimu." Walikuwa waende kwa kadhi wa Seyyid, Bagamoyo mjini, mwezi ukiandama. Homa ikamwahi mume wangu.

"Huna haya wewe?" Bwanausi akafoka. "Maiti yuko mbele yako!"

"Haya ninayo. Na njaa ninayo."

Mwalimu Husseni, imamu wetu, akamtuliza Bwanausi. Akasema mtu ana haki ya kudai, na maiti hastarehe na dai la mtu shingoni. Ila punda akiwa amezurura peke yake mchana, mwenyewe hadaiwi. Akiwa mkononi mwa bwana wake, kamba ameishika, basi bwana ndiye wa kulipa.

"Siku ile punda alikuwa wapi, Kibwana?"

"Mkononi mwa Muhidini."

"Nani aliona?"

"Mungu. Na huyo mliyemlaza hapo."

Watu wakaguna. Bwanausi akasema, "Basi hana shahidi. Haya tunyanyueni jamani, jua linazidi."

Na mimi nilijua. Homa ilipompanda, Muhidini aliniambia yote. Kibwana alipita akijigamba kuwa haogopi kitu, si juu ya mnazi wala chini, na mume wangu na mizaha yake akamlegezea punda kamba ili amwone Kibwana akiruka. Mzaha tu! "Nitampa minazi, Sada," akaniambia, "ngoja nipone." Hakupona. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nilimkasirikia maiti wangu mwenyewe kwa kuniachia mzigo ule. Maana minazi yake alikwisha kuiweka rehani mjini. Iliyobaki ni yangu, ile ya Mbegani aliyonipa mahari. Sina mtoto, sina kaka. Nikinyamaza nakula. Nikisema, sijui nitaishi vipi.

"Alikuwa ameshika kamba!"

Shangazi yangu Mwaija akaniziba mdomo. "Wee! Mjane unapiga kelele wanaume wanasikia? Nyamaza, mwanangu!"

Nikamwondoa mkono. "Alikuwa ameshika kamba, mwalimu! Aliniambia kwa kinywa chake!"

Bwanausi akaja mpaka dirishani. "Shemeji, umechanganyikiwa na msiba. Tena ushahidi wa mwanamke mmoja hausimami. Mwulize mwalimu."

Mwalimu akainamisha kichwa, maana ni kweli. Hapo hasira zikanipanda hasa.

"Nani kakwambia natoa ushahidi? Mimi nalipa! Minazi yangu ya Mbegani, mahari yangu, yote ni ya Kibwana tangu sasa. Mashahidi ni nyinyi wanaume mliosimama hapo. Haya, mwulizeni tena."

Mwalimu akamgeukia Kibwana.

"Bi Sada," Kibwana akasema taratibu, "wewe utakula nini?"

"Hilo si lako. Jibu unachoulizwa."

Akautazama mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Nimemsamehe," akasema. "Mungu naye amsamehe."

Wakamnyanyua mume wangu. Nilimwona Kibwana akipenya katikati ya watu, akatia bega chini ya jeneza, wakatoka wakisoma dhikiri. Ndipo nilipolia. Tangu roho ilipomtoka Muhidini machozi yalinikataa, kwa kuwa nilikuwa namwogopea. Sasa alikuwa anakwenda kwa Mola wake hadaiwi na mtu, na mimi nimebaki sina mume wala mnazi mmoja, nikalia mpaka shangazi Mwaija naye akalia.