Uwanja Umefagiliwa

Kwetu, vijiji vya karibu na Tamale, kaskazini mwa Ghana, mwanamke aliyefiwa na mume akirudi kwa kaka yake, amerudi kwake. Wake za kaka ndio wageni. Wanampikia, wanamwita "bwana", na wakimsalimia wanapiga magoti. Hata watoto wanaocheza vumbini wanalijua hilo. Shangazi Lamisi alilijua pia, ila hakuamini kwamba linamhusu yeye.

Mimi alinichukua kwa baba yangu nikiwa mdogo, kama mashangazi wanavyochukua, kwa hiyo niliyaona yote. Mumewe alipokufa, ndugu wa mume walisema msibani, mbele ya watu: "Huyu hakuzaa, alikuwa anakula tu." Tulipohamia kwa kaka yake Abukari, ambaye kwangu ni baba mkubwa, usiku wa kwanza Shangazi alijigeuzageuza tu. Alfajiri akashika ufagio, akafagia uwanja wote mpaka kwenye zizi la kondoo. Tangu siku hiyo hakuuacha. Akaongeza kuchota maji. Akaongeza kutwanga. Mwisho akawa anakanda shea ya Sanatu, mke mkubwa, na Sanatu anakwenda kuuza mafuta sokoni.

Kukanda shea ni kazi ya mikono mingi. Kokwa za mti wa shea zimeshasagwa, unga umetiwa maji, mweusi kama tope. Unaupiga kwa mkono ndani ya beseni, unazungusha, unazungusha, mpaka upauke na mafuta yapande juu. Ukikatisha katikati umeharibu. Ndiyo maana wanawake hukaa watatu, wanne, huyu akichoka yule anaingiza mkono, na huku wanasengenya. Shangazi alikanda peke yake. Ukimkaribia anakusukuma kwa kiwiko.

"Shangazi, vidole vimevimba."

"Vimeshiba."

"Basi pumzika, nikupokee."

"Nikipumzika nitakula kwa kazi gani?"

Na kila asubuhi Sanatu alikuja, akapiga magoti kwa heshima zote. "Bwana wangu, umeamkaje?" Akishaitikiwa anainuka, anasogeza beseni. "Leo ni hili tu, bwana wangu." Mke mdogo alikuwa anageukia ukutani kuficha kicheko. Niliona. Lakini mimi ni mtoto wa kulelewa, nikanyamaza.

Mvua za mwaka jana, siku moja unga umeshaanza kupauka, mkono wake wa kulia ukakwama. Vidole vilijikunja, havikufunguka tena. Nikalikimbilia beseni. Kiwiko. Akaingiza mkono wa kushoto ambao haujazoea, akapiga huku ameuma mdomo. Mafuta hayakupanda. Tope likatulia, likarudi jeusi.

Sanatu akaja, akachungulia, akapiga magoti. "Bwana wangu, sasa hii niwape mbwa?"

"Nisamehe. Nitakanda nyingine leo leo, nisamehe sana," akasema Shangazi, na yeye akapiga magoti. Wifi kwa wifi, magoti kwa magoti. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Baba mkubwa alikuwa ameketi kwenye ngozi yake ya kondoo, kiti cha mwenye nyumba, tasbihi mkononi. "Lamisi, inuka. Nani alikutuma kazi hii?"

Shangazi akainuka, macho kwenye beseni.

"Nauliza. Mimi nimewahi kukutuma?"

"Hapana, kaka."

"Sanatu je?"

"Mimi?" Sanatu akadakia. "Nimtume bwana wangu? Toba! Mimi nasogeza beseni tu, asije akaumia mgongo."

Mke mdogo safari hii alicheka waziwazi.

"Sasa mbona hukuniambia niache?" Shangazi akamuuliza kaka yake, kwa sauti ndogo.

Baba mkubwa akasukuma shanga zake kwanza. "Asubuhi ile ya kwanza nilitaka kukuambia. Nikatoka nje, nikakuta uwanja umefagiliwa vizuri. Nikasema nitamwambia kesho. Na kesho yake ulikuwa umefagiliwa."

Si mtu mbaya, baba mkubwa. Ndicho kilichoniuma zaidi.

Shangazi hakulia. Aliosha mikono yake, ule mzima ukiuosha ule mgonjwa, akaenda akaketi kwenye ngozi, ubavuni kwa kaka yake, mahali palipokuwa pake tangu tulipofika.

"Sanatu," akasema, "bwana wako ana kiu."

Maji yakaja mbio, kwenye kibuyu. Hakuweza kukishika. Nilimnywesha mimi.

Siku hizi anakanda kibeseni chake mwenyewe, siku akijisikia. Anaita majirani, anawashinda wote kwa kusengenya, na akichoka anatoa mkono katikati ya habari, mwingine anaingiza wake. Mafuta yanapanda vilevile. Ila ni mkono wa kushoto huo. Wa kulia umelala mapajani, umekunjwa kama bado umeshika kitu. Mara nyingine anacheka na wenzake, halafu anauona, anaufunika kwa nguo.

Juzi alfajiri Sanatu alipita mlangoni kwetu. "Wunpini mwanangu, uwanja huu nao umechafuka, jamani." Akaenda zake. Hakunituma.

Nikashtukia nimeshainama, ufagio uko mkononi.

Nikauegemeza ukutani, nikarudi kulala kando ya Shangazi. Lakini usingizi haukuja. Nililala macho wazi mpaka jua likapanda, nasikiliza kama kuna atakayefagia.