Nywele za Mwenyekiti Chini ya Figa

Paka wa Specioza aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu hakukubali kulala popote ila juu ya kiti cha marehemu Bwire. Mbwa aliitwa Kastamu. Hakuna mzigo ulioingia uani pale Masinya, upande wa Uganda, bila yeye kuutia pua. Tangu Bwire azikwe mwezi wa tatu, Specioza aliishi na hao wawili tu. Mbwa alikuwa wa yeyote aliyeshika mfupa. Paka alikuwa wa Bwire, na kila jioni Specioza alimsimulia mambo ya siku kama alivyokuwa akimsimulia mume wake. Bila paka yule nyumba ingemshinda, na hakuona haya kulisema.

Lakini Mwenyekiti alizeeka, na panya wakajua. Walipoanza kutafuna karanga za mbegu, wifi yake Mildred, dada ya Bwire aliyeolewa upande wa Kenya, akaja kukaa wiki moja, na kikapuni ana kipaka cha rangi ya chungwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mildred akasema, akakitua sakafuni.

Kastamu alikinusa mbele, akakinusa nyuma, akala ukucha puani, akakimbilia nyuma ya mtungi na kulia kama aliyedhulumiwa. Mwenyekiti hakupigana. Kipaka kiliparamia kiti, kikajilaza juu ya tumbo lake. Mzee akafoka mara moja, akashuka, akakaa akiutazama ukuta. Jioni alikataa hata kichwa cha samaki wa ngege.

"Atazoea," Mildred akasema. "Tukifunge hiki kwanza, kisije kikarudi kwangu."

Kumfunga paka kwao si kazi ya kamba. Unang'oa nywele chache za mkia, unazizika chini ya figa la jikoni, na paka hataihama tena nyumba ile. Specioza akasogeza figa. Chini yake palikuwa na kitambaa kilichooza. Akakitupa kwenye makaa ya sigiri bila kukifungua, akaziweka nywele za chungwa, akarudisha jiwe. Harufu ya nywele zinazoungua ndiyo iliyomkumbusha. Zilikuwa za Mwenyekiti, alizozizika Bwire miaka kumi na moja iliyopita.

Asubuhi kiti kilikuwa na kipaka peke yake.

"Umemfungua mwenyewe, wifi," Mildred akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Specioza alitafuta chini ya ghala, kwenye mihogo, hata kwa jirani yake Emoit. Siku mbili hakula vizuri. Alijiona kama aliyemfukuza Bwire mwenyewe kwa mkono wake. Siku ya tatu akakumbuka paka alikotoka: Bwire alimpata kwa Maloba, muuza nafaka wa Busia ya Kenya, akamlipa kuku jike, maana kwao paka wa bure hakai. Akachukua kikapu, akatembea saa mbili nzima, akavuka mpaka pamoja na watu wa soko.

Mwenyekiti alikuwa juu ya gunia la maharage, akijilamba. Yeye bila shaka alivuka kwa njia za panya.

"Karibu, shemeji," Maloba akasema. "Nilikuwa najiuliza nani atakuja kumchukua, na Bwire ametuacha."

"Bwire alikuwa nakuja hapa?" Specioza akauliza kwa Kiswahili chake cha Uganda.

"Kila mara. Huyu akiona kitu kipya kwenu, anarudi kwangu. Mlipoleta mbwa, alikuja. Mlipoezeka mabati, alikuja. Mjukuu alipozaliwa, alikaa hapa siku nne. Bwire anamtia kikapuni, wanaenda. Akaniambia, 'Usimwambie mama watoto. Anaziamini zile nywele, na mimi ndiye niliyezizika.'"

Specioza akaketi juu ya gunia. Mbwa alipoletwa, Bwire alisema anakwenda Busia kununua misumari. Mabati yalipokwisha kupigiliwa, alikwenda kununua misumari. Mjukuu alipozaliwa, misumari. Alirudi na vumbi hadi magotini, paka kikapuni, akisema amemkuta kwenye mihogo. Naye Specioza kila mara alijibu kwamba nywele zile zinashika kweli. Nyumbani kulikuwa na kopo limejaa misumari ambayo hakuna aliyewahi kuigonga nyundo.

"Yeye alisema nakwenda kununua misumari," akamwambia Maloba. Akacheka, kisha akalia mbele ya wateja, wala hakujifuta.

Alipofika nyumbani, Mildred alimpokea mlangoni kwa vigelegele. Alikuwa ameokota nywele za Mwenyekiti kwenye kiti, akazifunga katika kitambaa kipya na kuzizika chini ya figa.

"Unaona? Nimezika asubuhi, amerudi mchana! Umemkuta wapi?"

Specioza akamweka Mwenyekiti kwenye kiti cha Bwire. Kipaka kikasogea pembeni kidogo, mzee akafoka, kisha akajikunja katika nafasi iliyobaki. Kastamu akatia pua kikapuni, akakuta kifurushi kizito cha gazeti.

"Kwenye mihogo," Specioza akasema, akaenda kumimina misumari mipya katika lile kopo.