Chifu Aliyejifunza Kuomba

Kwa miaka kumi na minane Kipkosgei arap Tele alikuwa chifu wa lokesheni moja ya majani chai upande wa Silibwet, na miaka hiyo yote hakuwahi kumwomba mtu kitu. Aombe ya nini na askari wapo? Kila Januari aliwatuma nyumba kwa nyumba kuita wanaume wakatengeneze daraja la magogo, lile ambalo kina mama walivukia wakipeleka majani kituoni kuyauza. Asiyetokea, kuku wake alitokea kwa niaba yake, miguu imefungwa. Ilisemekana kuku wa huko wakiona kofia ya chifu walijificha kabla ya wenyewe.

Watu walimchukia vizuri sana. Lakini daraja lilisimama.

Mwaka wa tisini na saba akaacha uchifu, akagombea udiwani. Sasa ilibidi apendwe, kazi ambayo hakuwa ameizoea. Siku ya mkutano, mjane mmoja, Priscah, ambaye kuku wake watatu walishakwenda na serikali, akapaza sauti: "Na kuku wangu je, arap Tele?"

Umati ukavunjika mbavu. Kipkosgei akavua kofia.

"Mama Kipruto, nisamehe. Mkinichagua, hakuna mtu atatolewa kwake kwa nguvu tena. Daraja litajengwa na kaunti kaunsil."

Priscah alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Desemba Kipkosgei akashinda, wakambeba mabegani sokoni kote.

Mvua ya El Nino nayo ikakataa kwenda kwao. Kufika mwisho wa Januari magogo yalikuwa yameoza na kulegea. Kaunsil, yaani baraza la madiwani, ikamwambia angoje kamati ikae. Basi Jumapili akasimama kanisani, sauti imelainika kama ya bwana harusi: "Jumamosi, tafadhali, tukutane mtoni na shoka."

Tafadhali! Watu walikonyezana. Jumamosi wakaja watatu: yeye mwenyewe, Njuguna mwenye duka, na mzee mmoja aliyedhani kuna chakula.

"Diwani, mwambie chifu mpya atume askari," Njuguna alisema. "Si alikuwa karani wako? Sheria ya kulazimisha watu kazi imebadilika, sawa, lakini wewe bado wanakuogopa. Neno moja tu. Hii kitu itaua mtu."

Kipkosgei alitazama maji. Alijua neno hilo lingeleta wanaume arobaini kabla ya jioni. Lakini alikumbuka yale mabega. Tangu mama yake amshushe mgongoni, hakuna mtu mwingine aliyewahi kumbeba.

"Niliwaahidi," akasema. "Tungoje kaunsil."

Jumanne asubuhi Priscah alivuka na kikapu kimejaa. Gogo likageuka. Kikapu walikipata hapo karibu, kimenaswa kwenye matete. Yeye walimpata siku ya pili, mbali kule chini.

Mazishini walimpa kipaza sauti, kama ilivyo desturi kwa mheshimiwa. "Ningeweza kulitengeneza," akaanza. Watu wakampigia makofi ya pole. "Ni mvua, mheshimiwa," wakamwambia. "Si wewe." Alitamani mtu mmoja tu amtukane, amuulize mbele ya watu, na aliyeweza kufanya hivyo walikuwa wanamfunika udongo.

Kesho yake, bila kuitwa na yeyote, wanaume zaidi ya sitini walifika mtoni na shoka na kamba. Kipkosgei naye akaja, amekunja suruali. Kipruto, mwana wa Priscah, alikuwa mbele akivuta gogo, matope hadi kifuani.

"Nipe mahali kwa kamba, kijana wangu."

"Kaa tu hapo juu, mheshimiwa," Kipruto alisema bila kugeuka. "Tunatosha."

Hakuna aliyemfukuza. Alisimama ukingoni mpaka gogo la mwisho likafungwa, na walipomaliza walipanda mmoja mmoja wakampa mkono, kwa adabu, kama mgeni.