Waliosema Acha

Dukani walimwita Kidole, kwa sababu kwenye kompyuta alitumia kimoja tu. Vile tisa vilivyobaki vilikaa vimekunjwa kama wageni wasiokaribishwa. Lakini mpe sindano uone, vyote kumi vinakimbizana. Shangazi yake, mwenye duka hilo la magauni ya harusi, alikuwa akisema, "Binti wa kaka yangu huyu, nguo anaijua kuliko aliyeifuma. Shida yake haya. Hata kivuli chake anakipisha."

Shule aliiacha kabla ya kumaliza la sita. Kusoma alijua, ila alisoma polepole, midomo ikicheza, na mbele za watu hakupenda midomo yake ionekane ikicheza. Kwa hiyo siku ile fundi wa kompyuta alipokuja kuwawekea mpango wa kutuma barua pepe kwa wateja waliowahi kupimwa dukani, akaeleza mbio mbio, "Hapa unaweka picha, hapa unabonyeza tuma, na chini kabisa kuna mstari wa sheria, usiuguse," Kidole aliitikia kwa kichwa.

"Umeelewa?"

Akaitikia tena. Kuuliza si ujinga, ndivyo wanavyosema, lakini mwenye haya kuuliza kwake ni sawa na kupanda jukwaani.

Mstari wenyewe ulikuwa wa herufi za kijivu, ndogo kama mayai ya chawa. Aliambiwa asiuguse, hakuugusa. Hata kuusoma hakuusoma.

Barua ya kwanza ilibeba picha ya gauni la mkia mrefu. Kesho yake majibu yakaanza kuingia. ACHA. ACHA. Na mwingine kwa nguvu zaidi: ACHA!!!

Moyo wa Kidole ukaruka. "Shangazi! Njoo usikie, watu wanashangaa gauni lako!"

Shangazi akaja, miwani iko kwenye paji la uso. "Wanasemaje?"

"Wanasema acha!"

"Acha!" Shangazi akajishika kiuno. "Gauni langu hili? Basi hao wameshaiva. Usiwape nafasi ya kupoa."

Kidole akawatengea waliojibu mahali pao kwenye kompyuta, akapaita Waliopenda. Wateja wengine walipata barua mara moja kwa wiki, hawa wakapata karibu kila siku. Kulikuwa na mmoja aliyejibu kila barua bila kukosa. Mdomoni Kidole hakuwa na maneno, lakini pale mbele ya kioo cha kompyuta, hakuna anayemtazama, yalimtoka. "Bado, dada yangu," alimwandikia, herufi moja moja. "Subiri uone la kesho." Alimpenda mteja yule. Asubuhi akifungua duka, kabla hata hajafagia, alitafuta kwanza jibu lake.

Siku moja alikuwa amepiga magoti chini ya sanamu ya dirishani, pini mdomoni, anakunja pindo, mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alimtambua kwa mabega. Alikuwa mwalimu wa chekechea ambaye yeye mwenyewe alimpima miezi ile ya nyuma, na ambaye alicheka sana utepe ulipomtekenya ubavuni. Leo hakuwa na kicheko.

"Bibi harusi wetu!" shangazi akapaza sauti. "Karibu, mwanangu, karibu. Umelifuata lile la mkia, eh? Nilijua tu."

"Shikamoo, mama. Sikuja kununua." Mwalimu alitoa simu yake. "Nilisema acha. Nikasema tena. Kila nikisema, barua zinaongezeka. Na chini mmeandika wenyewe: Usipotaka kupokea barua hizi, jibu ACHA. Hiyo ni sheria, mama. Mtu akisema acha, aachwe. Nimewapigia ofisi ya mawasiliano, wako tayari kuandika malalamiko. Yakithibitika, duka hili halitamwandikia mteja yeyote tena, na faini juu. Wamenishauri niwaulize ninyi kwanza. Haya, nauliza."

"Ni mashine hiyo," shangazi akasema upesi. "Inajiendea yenyewe. Na yule fundi wa kompyuta, tangu mwanzo nilimtilia shaka. Leo leo simtaki tena hapa."

"Mashine?" Mwalimu akasoma kwenye simu kwa sauti wazi, ile anayosomea watoto. "Bado, dada yangu. Subiri uone la kesho."

Shangazi akashusha miwani, akaisogelea simu.

"Harusi haipo," mwalimu akasema. "Aliyeniacha aliniacha bila kuombwa. Ninyi nawaomba kila siku mniache, hamtaki."

Mwenye pini mdomoni haulizwi kitu, na hiyo ndiyo heri ya kazi ile. Kidole angeweza kubaki pale chini mpaka mambo yapite. Shangazi hakumshuku hata chembe, na fundi wa kompyuta hakuwepo kujitetea. Lakini fundi yule alieleza. Aliyeitikia kwa kichwa ni nani? Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto cha mkononi.

"Si mashine," akaiambia sakafu. "Ni mimi."

"Wewe?" shangazi akageuka.

"Nilidhani ni acha ya kushangaa. Vile mtu akiona kitu kizuri anasema, acha! Ule mstari sikuusoma. Fundi alinieleza, sikuelewa, nikaitikia tu." Akamgeukia mwalimu. "Nilijua umependa, dada. Ndiyo maana wewe nikakuletea zaidi."

Mwalimu alimtazama. Kicheko kikamtoka, kimoja, kifupi kama kikohozi, kisha akageukia dirishani akajifuta macho kwa kiganja. Kidole angependa atukanwe. Tusi angeliitikia kwa samahani, yakaisha. Machozi yale hakujua ayaitikie nini.

"Nitoe," mwalimu akasema bila kugeuka. "Sasa hivi, nikiona."

Kidole akakaa kwenye kompyuta. Mashine ikamwuliza swali, na safari hii alilisoma lote, midomo ikicheza mbele ya watu wawili. "Je... una... uhakika... unataka... kumwondoa..." Shangazi alitaka kumsaidia, mwalimu akamzuia kwa mkono. Yeye amezoea kungoja neno limfikie msomaji. Kidole akafika mwisho, akabonyeza.

"Ofisini nitasema yamekwisha," mwalimu akasema. "Ila ikija hata moja—"

"Haiji, dada."

Akatoka. Pale mlangoni aliipita sanamu yenye gauni la mkia kwa ubavu, kama mtu anayekwepa rangi mbichi.

Shangazi akaketi kwenye kiti cha wateja. "Na nusura nimtupe nje yule fundi, mtoto wa watu, bure," akasema polepole. Kisha, "Hao wengine je? Hao wa Waliopenda?"

Kidole akafungua. Majina yakateremka, yakajaza kioo, yakaendelea kuteremka.

"Wamesema hivyo hivyo, shangazi."

"Wote?"

"Wote."

"Acha!" shangazi akasema.

Neno likabaki limening'inia hapo kati yao. Hakuna aliyecheka. Kidole akavikunja vidole vyake tisa, akaanza na jina la kwanza, akilisoma kwa sauti.