Fundi Asiyemaliza Zamu

Saa tatu kasorobo asubuhi mashine ya kukatia vitambaa ilikwama kama kawaida yake, na saa tatu kamili fundi wake akaingia kwa mlango wa nyuma, akatundika koti msumarini na kuinama kuitengeneza. Alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita. Mpwa wake, mshona vifungo katika kiwanda hichohicho cha sare, alimsogezea kiti, maana marehemu alikuwa na mgongo mbovu na kaburi halikumsaidia kitu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Nimechoka mimi."

Kila mtu alijua kilichomrudisha. Meneja alikuwa na ubao. Kila Jumatatu aliandika majina kwa wingi wa kazi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho alifungashiwa virago. Mama mmoja aliwahi kumwonyesha jirani yake namna ya kukunja kola mara moja badala ya mara tatu. Wiki iliyofuata jirani akapanda, mwalimu akaenda nyumbani. Tangu hapo kila mwamba ngoma ngozi aliivutia kwake. Watu walishona wakiwa wamejifunika mashuka, mikono isionekane, na joto la mabati lile Mungu ndiye shahidi. Fundi naye hakumfundisha mtu. Alikufa na siri yake, nayo ikagoma kuzikwa.

Meneja alipopata habari alifurahi. Kufa kufaana.

"Mnaona mfano huo?" aliwaambia. "Huyu haombi hata ruhusa ya kuumwa." Akamwandika wa kwanza ubaoni.

Asubuhi hiyo mpwa aliitazama miguu ya mjomba wake, imevimba kwa safari ya kila siku kutoka makaburini, akaona imetosha.

"Nifundishe, mjomba. Nikijua mimi, wewe utalala."

Mzee akamtazama kwa mapenzi ya kweli. "Njoo basi. Ona hapa, chini ya hii springi..."

Viatu vya meneja vikasikika ngazini. Mzee akaifunika springi kwa kiganja, upesi, kama alivyofanya miaka kumi na tisa. Meneja akapita, akaenda zake. Kiganja hakikuondoka.

"Ameshapita, mjomba."

"Najua. Mkono ndio umekataa."

"Hata mimi unanificha?"

"Hata wewe, mama. Nisamehe." Alitaka kulia, lakini wafu hawana machozi. Mashine ikanguruma. Akavaa koti, akaaga hadi kesho.

Mpwa alirudi kwenye cherehani yake moyo ukimuuma. Pembeni yake aliketi msichana aliyeanza kazi juzi, na uzi ulikuwa umemkatikia mara ya nne.

"Dada, wako mbona haukatiki? Unafanyaje?"

Ilikuwa kazi ya nusu dakika: kulegeza skrubu moja tu. Alimwonea huruma yule binti, na yeye mwenyewe akajionea haya. Lakini Jumatatu haikuwa mbali.

"Bahati tu, mdogo wangu," akasema.